Viti vya Kiingereza vya kuchorwa maua: vizuri, ila pindua kwanza

Jamani mlioko huku Uingereza mnaopenda fanicha za kale, nimechukua viti sita vya meza ya kulia kwenye duka moja la antiki, jina silitaji, vile vyembamba vya kupakwa rangi na kuchorwa maua kwa mkono. Lebo ilisema vyote ni vya miaka ya 1790. Mmh.

Uzuri wake kwanza maana upo kweli. Rangi ya chini ni nyeusi, katikati ya egemeo kuna kishada cha waridi, ukisogeza macho unaona fundi alichovya brashi akakandamiza mwanzoni halafu akaivuta ikaisha yenyewe, ndo petali hiyo, hakurudia. Fasheni hii ilishika kasi mwisho wa karne ya 18, hata kitabu cha michoro cha fundi fanicha Hepplewhite kilichotoka 1788, mwenyewe keshafariki, kinasifia viti vya rangi na kusema fremu yake inaweza kuwa nyembamba kuliko ya mahogani. Kweli vyepesi, unabeba kwa mkono mmoja. Vingi ndani ni mbao ya bichi tu, ya bei poa, rangi inaficha kila kitu. Ila vya mabwanyenye vilikuwepo, kina Seddon, watengeneza fanicha wa London, mwaka 1790 walipeleka kisiwa cha Guernsey viti 18 vya satinwudi, mbao ya kifahari, vyenye waridi na manyoya ya tausi.

Sasa nikavipindua. Vinne chini vina alama za msumeno wa mkono, zimenyooka, haziko sawa sawa. Viwili vina alama za kupinda, huo ni msumeno wa duara wa mashine, yaani ni vya baadaye, na rangi imechubuliwa kwa msasa hadi kwenye kona ambazo hakuna mtu anazigusa, wakati rangi iliyozeeka yenyewe inatoka pale mkono unaposhika na kisigino kinapogonga. Nikamwonyesha muuzaji, akaguna guna weee, mwisho akashusha bei ya hivyo viwili.

Kikalio ni cha henzirani, kimoja kimelegea, na kufumwa upya si bei ndogo. Msiviweke karibu na hita, rangi inapasuka, na kitambaa cha maji marufuku, futa vumbi kwa brashi laini basi.

Viti nyota nne, duka mbili na nusu. Usafiri unajitegemea.