Siti ya ngozi ya baiskeli kwa barabara za Dar: Brooks B17 au B67?

Kabla hujauliza bei, igeuze siti uitazame chini. Siti nyingi zinazouzwa kwa jina la ngozi zimevikwa tu: juu rekzini au ngozi nyembamba, katikati sponji, chini plastiki ngumu. Siti ya ngozi kweli haina sponji. Ni kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, unene wa milimita 5 hivi, kilichowambwa kama ngoma kati ya bamba la chuma la nyuma na pua ya mbele, kikashikwa kwa ribiti. Chini utaona upande ghafi wa ngozi, wenye nyuzinyuzi, na ndani ya pua kuna bolti ya kukazia. Kinachokubeba ni ngozi yenyewe, inayobonyea taratibu pale mifupa yako ya makalio inapokaa. Sponji hukandamizika baada ya muda na kukukalisha juu ya plastiki. Ngozi hujifinyanga kwa umbo lako.

Tunazilinganisha hapa mbili za Brooks, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1866: B17 na B67. Huko Ulaya B17 mpya inazidi Yuro 100 kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo kosa la kuchagua upana ni kosa la gharama.

Upana hupimwa nyumbani. Chukua kipande cha boksi la katoni, kiweke kwenye benchi ngumu au ngazi, kalia ukiwa umevaa nguo nyepesi, inama kama unavyoinama barabarani, vuta miguu juu kidogo. Ukinyanyuka utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine, kisha ongeza milimita 20 hadi 30, au zaidi kama unaendesha ukiwa wima. Kwenye siti ya ngozi kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: upana ulioandikwa unahesabu pia ukingo wa bamba la chuma. Mifupa ikiangukia kwenye ribiti, hakuna muda wala mafuta yatakayoiponya siti hiyo. Lazima ikae kwenye ngozi, mbele ya bamba.

B17 ina upana wa milimita 175 hivi na haina springi. Inamfaa anayeinama wastani, usukani ukiwa sawa na siti au chini yake kidogo. Anayekaa wima kwenye baiskeli ya usukani mrefu, na keria ya mzigo nyuma, uzito wake wote unashukia kwenye siti, na B17 itamchosha. Huyo achukue B67: upana wa sentimita 20 hivi, springi mbili nyuma, uzito unaozidi gramu 800. Kwenye njia za vumbi na mashimo za Mbagala ndani au Goba, springi zile zina thamani kuliko uzito wake. Kuna pia B17 S, yenye pua fupi, kwa wanawake.

Angalia nguzo ya siti kabla ya kulipa. Baiskeli za zamani za Kihindi na Kichina zina bomba tupu juu, na klipu yake, kibano kinachoifunga siti kwenye bomba hilo, huja na siti. B17 na B67 haziji na klipu, basi usimwachie fundi ile ya zamani. B66 inafanana sana na B67 lakini reli zake, vile vyuma vya chini vinavyoshikwa na nguzo, ni mbilimbili kila upande na haishiki kwenye nguzo za kisasa. Wengi huagiza B66 wakidhani ni B67.

Ukifunga, inua pua kidogo tu juu ya usawa, kwa sababu ngozi italegea katikati na pua ikiwa chini utateleza mbele, mikono iume. B67 ni ndefu kwenda juu kuliko siti ya kawaida, hivyo shusha nguzo: kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke.

Kwa wengi ngozi huanza kukubali baada ya kilomita mia kadhaa. Usiharakishe kwa mafuta ya kula, mafuta ya nazi wala oili ya gari. Ngozi italainika kupita kiasi, iteremke, na haitarudi. Paka nta ya siti, ile yenye mafuta ya wanyama na nta ya nyuki, safu nyembamba juu na chini, ilale usiku, ufute asubuhi. Baada ya hapo mara mbili tatu kwa mwaka zinatosha.

Bolti ya pua usiiguse mpaka ngozi imelegea kweli, na hapo ni robo ya mzunguko tu. Wanaokaza kila mwezi huichana ngozi kwenye ribiti za mbele. Mbavu za siti zikitanuka na kusugua mapaja, fundi viatu atoboe matundu matatu au manne kila upande, sentimita moja kutoka ukingoni, azifunge kwa kamba chini.

Adui mkubwa Dar ni maji ya chini. Watu hufunika juu kwa mfuko wakati wa masika, huku gurudumu la nyuma lisilo na madigadi likirusha tope kwenye upande ghafi unaokunywa maji. Madigadi kwanza, mfuko baadaye. Siti ikilowa usiikalie, maana ngozi iliyolowa hutanuka na hairudi. Ikauke kivulini penye upepo, si juani wala karibu na jiko, ndipo upake nta. Mfuko usikae usiku kucha. Joto letu litazalisha ukungu. Ukungu ukitokea, ufute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu. Springi za B67 zinaliwa na hewa ya chumvi, hasa kwa wanaovuka Kigamboni kila siku: zipanguse, tia tone la oili kwenye maungio.

Baiskeli inayolala nje, au inayoshinda nje juani na mvuani, haifai siti ya ngozi. Brooks hiyohiyo inatengeneza Cambium C17 ya mpira, haihitaji nta wala bolti ya kukaza, ila ni nyembamba kuliko B17.