Sekunde kumi za Kinovea

Kidato cha Pili ninachokifundisha michezo hapa Morogoro kina wanafunzi 62 na matufe manne. Kwa miaka sita nimesimama pembeni ya duara nikipiga kelele ileile: "Kiwiko juu!" Wananiitikia "Ndiyo, mwalimu," halafu wanarusha vilevile, kama watu wanaoangua maembe. Ukiwauliza wanaapa kiwiko kilikuwa juu, na hawakudanganyi. Ndivyo mwili unavyowaambia.

Tufe husukumwa. Linaanzia shingoni au kidevuni, na mkono hauruhusiwi kushuka kutoka hapo wakati wa kurusha. Kiwiko kikilegea, tufe linaachana na shingo na mrusho umeharibika hata kabla hujanyoosha utepe.

Muhula huu nimeijaribu Kinovea. Ni programu ya bure, ya chanzo huria, ya kuchambua video za michezo. Inataka kompyuta ya Windows, kwa hiyo mwenye simu peke yake asijisumbue. Inarudisha video polepole, inachora mistari na pembe juu ya picha, inaweka mrusho wa leo na wa wiki iliyopita bega kwa bega. Michoro hiyo ndiyo inayovutia macho. Kilichonisaidia mimi ni kitu kingine kabisa, tena kidogo: kwenye upande wa kurekodia kuna sehemu ya kuchelewesha picha.

Nimeiweka sekunde 10. Kamera ya USB inamtazama mrushaji kwa ubavuni, upande wa mkono anaorushia. Anarusha, anasubiri tufe litue, anatoka kwa nusu ya nyuma ya duara kama sheria inavyotaka, anatembea hatua chache mpaka kwenye laptopu, na anajikuta ndiyo kwanza anajiandaa kurusha. Hakuna wa kubonyeza wala faili la kutafuta. Foleni inasogea. Na kwa kuwa sihifadhi chochote, hakuna video ya mtoto wa mtu itakayokutwa inazunguka kwenye magrupu.

Kuna binti mmoja mkimya sana. Alipojiona mara ya kwanza alifunika uso kwa viganja, wenzake wakaangua kicheko. Safari ya pili niliwasogeza wenzake mbali, nikampa kazi moja: "Tazama kiwiko. Kingine chochote usitazame." Akainama kwenye skrini. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe nalitupa, mwalimu!" Maneno yangu ya muhula mzima, kayasema yeye kwa pumzi moja. Mrusho uliofuata kiwiko kilikaa mahali pake, ingawa tufe lilianguka karibu kuliko kawaida yake. Nilikuwa nimeshamwonya kwamba itakuwa hivyo kwa muda, la sivyo angerudi kwenye maembe yake siku hiyohiyo.

Bila ile kazi moja, video inabaki sinema. Wanatazama viatu, nywele, na nani alipita nyuma.

Kipimo cha pembe nilikipenda kwa siku mbili. Warushaji wakubwa huliachia tufe kwenye nyuzi 36 au 37 hivi, chini ya zile 45 za darasa la fizikia, kwa sababu mkono tayari uko juu ya ardhi na mwili una nguvu zaidi ya kusukuma mbele kuliko kusukuma juu. Nikataka kuwapimia wanafunzi wangu. Lakini kamera yangu inapiga picha 30 kwa sekunde. Tufe likitoka kwa mita 8 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata limeshasogea zaidi ya sentimeta 25, na mkono umekuwa ukungu. Nyuzi nilizokuwa natangaza kwa kujiamini zilikuwa za kubahatisha. Mwenye simu inayopiga picha 240 kwa sekunde aihamishie video yake kwenye kompyuta, hapo atapata kitu. Hapo tusiilaumu programu.

Jua ni adui mkubwa zaidi. Saa nne asubuhi skrini haionyeshi kitu ila uso wako mwenyewe. Nimeiingiza laptopu ndani ya boksi la sabuni, mdomo wa boksi ukiwa umelipa jua mgongo, na wanafunzi wanachungulia mmoja mmoja. Stendi ya kamera niliyonunua kwa shilingi 15,000 ilianguka kwa upepo wa kwanza, sasa kamera inakaa juu ya meza ya mtihani iliyofungwa tofali mguuni.

Jambo moja nililochelewa kulishika: wiki ya kwanza kila mrusho ulitazamwa, na wiki ya pili watoto wakawa hawajui wamerushaje mpaka waende kwenye boksi. Wataalamu wa mafunzo ya viungo wameionya hali hiyo tangu miaka ya 1980. Siku hizi anatazama mrusho mmoja kati ya mitatu, na kabla ya kuchungulia ananiambia kwanza kiwiko kilikuwa wapi. Akikosea tunacheka wote wawili.

Naipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama ingekubali simu, maana betri ya laptopu yangu haifiki mwisho wa kipindi cha pili. Ijumaa tunaanza kuruka juu, na nimeshaomba boksi lingine dukani. Hili limenyeshewa.