Pakiti 14 za unga wa "seli shina" Ngamiani: nyota moja, nayo ni ya ladha

Boksi ni zuri, tulisifu mapema. Karatasi ngumu inayong'aa, tufaha lililokatwa katikati, hologramu kwenye kifuniko. Ndani mna pakiti 14 za unga wa rangi ya waridi, gramu 2 kila moja, unaouzwa kwa jina la seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Kwa mawakala wa Ngamiani, hapa Tanga, na wale wanaopita majumbani Makorora na Chumbageni, boksi ni shilingi 165,000. Ukijiunga na timu unashushiwa kidogo na kuhesabiwa pointi.

Gramu 28 kwa 165,000 ni karibu shilingi 5,900 kwa gramu. Dozi wanayomwandikia "mwenye tatizo sugu" ni pakiti mbili kwa siku kwa mwezi mzima, yaani pakiti 60, na hapo lazima ununue maboksi matano: 825,000. Kiasi hicho watu wanakitoa, na wengine wameuza mbuzi ili wakitoe.

Geuza boksi usome maandishi madogo ya nyuma. Kila pakiti ina miligramu 100 za dondoo ya seli za tufaha. Zilizobaki ni maltodekstrini (wanga uliosagwa laini), protini ya soya, unga wa zabibu na matunda mengine ya rangi, asidi ya limau na kitamu cha kutengenezwa. Boksi zima, basi, lina gramu 1.4 za hicho unachokilipia. Chini kabisa, kwa herufi unazohitaji miwani kuziona, imeandikwa kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote.

Mdomoni mwa wakala mambo ni mengine. Inatibu kisukari, presha, kiharusi, magoti, nguvu za kiume, na siku hizi selimundu. Ukimbana kidogo anarudi nyuma haraka: "Shangazi, hii siyo dawa, ni chakula cha seli." Ukilegea, inakuwa dawa tena.

Hilo tufaha halikubuniwa. Ni aina ya Uswisi iitwayo Uttwiler Spätlauber, tufaha la zamani lililosifika kwa kukaa ghalani muda mrefu bila kusinyaa. Maabara hulichubua tunda, likaota tishu ya kidonda, nao wakaikuza tishu hiyo kwenye maji yenye sukari na homoni za mimea hadi wapate seli nyingi zisizo na kazi maalumu. Mpaka hapo ni sayansi safi. Kisha seli hizo husagwa kwa mashine ya shinikizo kubwa pamoja na lesithini ili kupata dondoo. Yaani hupasuliwa kwa makusudi, na hakuna hata moja inayotoka hai. Tena dondoo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya krimu za ngozi, wala si kwa kumeza.

Tuseme hata zingekuwa hai. Seli ya mmea ina ukuta mgumu wa selulosi na haiwezi kugeuka seli ya kongosho la mtu, kama mbegu ya mchungwa isivyoota ng'ombe. Tuseme basi ni seli shina za binadamu, hai na bora kabisa, halafu uzimeze. Asidi ya tumbo na kimeng'enya cha pepsini havitofautishi seli shina na kipande cha samaki changu. Protini inakatwakatwa, vinasaba vinavunjwa kwenye utumbo, na kinachoingia kwenye damu ni asidi amino na sukari. Ndiyo maana mawakala wengine wanaagiza unga uwekwe chini ya ulimi "ili upite moja kwa moja". Chini ya ulimi hupita molekuli ndogo, kama zile za dawa ya maumivu ya kifua kwa wagonjwa wa moyo. Seli nzima ni kubwa mara maelfu kuliko molekuli hizo, haipiti.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji maabara. Maboksi haya hutoka Dar kwenye buti ya basi, yanapita Chalinze na Segera, yanafika Tanga na kupangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane. Februari ya Tanga mnaijua. Pakiti zilizokaa hivyo hufunguka na unga umeganda vidonge, maana maltodekstrini hunyonya unyevu wa pwani. Sasa linganisha na seli shina za kweli: uloto (ute wa ndani ya mfupa unaozalisha damu) uliotolewa kwa mchangiaji hukaa kwenye baridi la nyuzi 4 hivi na unatakiwa uingie kwa mgonjwa ndani ya siku chache. Ukitaka kuutunza zaidi ya hapo unagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ukiwa umechanganywa na kemikali ya kuzuia barafu isipasue seli. Siku ya kuupokea, mgonjwa hunuka pumzi kama aliyekula kitunguu saumu, na harufu hiyo hudumu siku moja au mbili. Dawa ya seli isiyohitaji hata kuwekwa kwenye friji ijibu swali moja tu: ndani kuna nini kilicho hai?

Tiba yenyewe ipo, na ni ya miaka mingi. Kupandikiza uloto ndiyo tiba ya seli shina iliyokomaa kuliko zote, na Tanzania inafanyika: Muhimbili ilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani za damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Wenye watoto wa selimundu ndio wanaosakwa zaidi na mawakala wa pwani hii, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo.

Kwanza anatafutwa mchangiaji. Hupimwa alama za kinga ziitwazo HLA, ambazo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, nafasi hiyo ni ndogo mno, na ni vizuri familia ikaambiwa mapema kabla ya kuwachosha watu nauli. Makundi ya damu si lazima yafanane. Ndugu mwenye jeni moja tu ya selimundu, asiyeumwa, anaweza kuchangia, na hili watu wengi hulikataa mpaka waonyeshwe.

Mchangiaji ama hutolewa uloto kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, au hudungwa sindano ya filgrastimu kwa siku 4 hadi 5 ili seli shina zimwagike kwenye damu, kisha akalala kwenye mashine ya kuchuja kwa saa kadhaa. Sindano hiyo huuma mifupa, hasa kiuno. Seli zinazovunwa huhesabiwa: kwa njia ya mashine, chini ya milioni 2 kwa kila kilo ya mgonjwa huonekana haba. Boksi la Ngamiani halijaandika idadi ya seli popote.

Mgonjwa naye hupewa dawa kali za kuusafisha uloto wake wa zamani. Nywele hutoka, mdomo huota vidonda, na uwezo wa kuzaa baadaye unaweza kupotea, jambo la kuzungumzwa kabla ya kusaini chochote. Ndipo seli mpya huingizwa kwa dripu kama damu. Wakala akisema "seli zinajua zenyewe pa kwenda", ameazima maneno ya hapa: seli shina za damu ya binadamu kweli hufuata ishara za kemikali na kutua kwenye uloto. Za tufaha hazina kipokezi cha ishara hizo. Baada ya hapo ni wiki mbili hadi nne za kukaa chumba cha peke yake, kinga ikiwa chini, mpaka chembe nyeupe zipande. Linaloogopwa zaidi ni seli za mchangiaji kuushambulia mwili wa mgonjwa: ngozi, ini na utumbo. Wapo wanaofariki. Tiba ya kweli ina karatasi ya ridhaa inayotaja kifo waziwazi, na ile isiyo na madhara hata moja, kwa kawaida, haina kazi hata moja.

Ipo pia njia mpya: seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hukatwa jeni moja kwa CRISPR, zana inayokata vinasaba kama mkasi, kisha hurudishwa. Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, mwishoni mwa 2023, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2. Na kwa kisukari cha aina ya kwanza, majaribio yaliyochapishwa 2025 yalionyesha watu 10 kati ya 12 wakiishi bila insulini mwaka mmoja baada ya kupandikizwa seli za kongosho zilizokuzwa kutoka seli shina. Mawakala wameidaka habari hiyo. Wasichokisema ni kwamba seli ziliingizwa kwenye mshipa wa ini, kwamba wagonjwa hao wanameza dawa za kushusha kinga, na kwamba kisukari cha mama yako mwenye miaka 60 kwa kawaida ni aina ya pili, ugonjwa mwingine kabisa.

Upande wa maadili, boksi limegonga muhuri wa halali na neno "mimea", na wakala anajitapa kwamba hakuna kijusi kilichoguswa. Mjadala huo upo kweli. Mwaka 1998 mwanasayansi James Thomson na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walitoa seli shina kwenye viinitete vya siku chache vilivyobaki kwenye kliniki za uzazi, na kuvitoa kuliviharibu. Kanisa Katoliki linakataa, likihesabu uhai tangu kutungwa mimba. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi hutaja siku 120 za kupuliziwa roho, na wapo walioruhusu viinitete vya ziada vya wanandoa, wengine hawakuruhusu. Shinya Yamanaka, mwanasayansi wa Japani, aliupunguza moto mwaka 2006 alipozirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali ya mwanzo, na mwaka uliofuata za binadamu, bila kiinitete. Alipata Nobel mwaka 2012.

Lakini kujisifu kwamba hukumgusa kijusi hakukufutii kosa la kumdanganya mtu mzima. Aibu kubwa ya fani hii ilikuwa ya uongo: Hwang Woo-suk wa Korea Kusini alitangaza mwaka 2004 na 2005 mafanikio aliyoyaghushi, akatumia na mayai ya wasaidizi wake wa maabara. Tumaini la mgonjwa ndilo lililomfanya aaminiwe upesi. Ngamiani biashara ni ileile, kwa kipimo kidogo.

Madhara ya unga wenyewe ni machache: maltodekstrini hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apime, na mwenye mzio wa soya asiguse. Hatari iko kwenye kile kinachoachwa. Mtoto wa selimundu anayetumia haidroksiurea, miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku mwanzoni, akiisimamisha "ili seli mpya zifanye kazi", himoglobini ya kitoto (ile ya tangu tumboni mwa mama) iliyokuwa inamlinda hushuka ndani ya wiki chache na maumivu hurudi, pengine na kiharusi. Anayeacha insulini hasubiri wiki; siku mbili tatu zinatosha kumlaza.

Na kama magoti yaliyouma miaka mitano yametulia kwa siku tatu, usishangilie. Marekani mwaka 2022 walikuta vidonge vya "asili" vya viungo vimefichwa dexamethasoni (dawa ya steroidi) na diklofenaki (dawa ya maumivu). Hatusemi boksi hili linazo. Kwa macho haiwezekani kujua. Dalili za steroidi ni uso kuvimba, sukari kupanda na njaa isiyo ya kawaida. Ukiziona usiache ghafla, maana tezi za juu ya figo zilizolazwa na dawa hiyo hushindwa kuamka na mtu huzimia; nenda Hospitali ya Bombo na boksi mkononi.

Wanaotaka kununua hata hivyo, muulizeni wakala usajili: vyakula na virutubisho viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, dawa ziko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Cheti cha chakula hakimpi ruhusa ya kutaja ugonjwa. Akikupandisha daraja na kukutajia sindano ya seli shina au "majaribio" nje ya nchi, uliza kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa) na kibali cha TMDA kama yanafanyika hapa, na uulize anayelipa ni nani. Jaribio halali kwa kawaida halimtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Huko Florida, mwaka 2015, wanawake watatu walilipa wadungwe machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao. Macho yote mawili kwa siku moja, kosa ambalo mtafiti wa kweli hafanyi. Walipoteza uoni.

Ladha, kwa haki, ni nzuri: uchachu wa zabibu, utamu usiokera, huyeyuka vizuri kwenye maji baridi kama pakiti haijaganda. Sharubati ya ukwaju ya pale Tangamano inaishinda, na chenji inabaki.