Faiba au Starlink? Angalia kwanza unaishi wapi

Kama unaishi ghorofani Nairobi, usijisumbue sana: chukua faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya. Waya ukishafika mlangoni, kasi haiyumbi ovyo, mvua inyeshe isinyeshe, na unalipa kwa M-Pesa mwezi kwa mwezi. Shida yake ni huo huo waya. Mwaka jana wachimba mtaro wa maji waliukata wetu, tukakaa siku nne tukinunua bando za simu. Na kuna maghorofa ambayo mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu. Hapo huna cha kuchagua.

Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya mwaka 2023, haijali mitaro. Setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, ndiyo maana haichelewi kama madishi ya zamani yaliyotegemea setilaiti za kilomita karibu 36,000. Lakini dishi lenyewe ni gharama juu ya gharama, linataka anga wazi (mwembe wa jirani unatosha kuharibu), na linakula umeme kuliko ruta ya faiba. Wa sola, pigeni hesabu ya betri. Mvua kubwa nayo huikatakata.

Kwa mzee kule Kitui tulifunga dishi. Sisi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, bado waya.