MiniMuffs kwa watoto njiti: desibeli 7 zinatosha wapi, na wapi hazifui dafu

MiniMuffs ni vifuniko viwili vidogo vya sponji laini, kila kimoja kikiwa na ukingo wa gundi ya hidrojeli inayoshika ngozi kuzunguka sikio la mtoto mchanga. Havina mkanda wa kichwani, wala hakuna kinachoingia tunduni mwa sikio. Natus, kampuni ya Marekani inayoviuza, inaahidi kwamba vitapunguza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 7 au zaidi, na inaongeza kuwa hiyo ni zaidi ya nusu ya mgandamizo wa sauti. Hesabu ni sahihi, lakini neno "nusu" limewapoteza wanunuzi wengi. Sikio huhisi sauti imepungua nusu pale inaposhuka kwa desibeli 10 hivi. Kwa hiyo 7 ni nafuu ya kweli, ila mtoto bado anasikia.

Tuanze na wodi, maana ndiko vinakonunuliwa zaidi. Mwaka 1997 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani (AAP) kilishauri kelele katika wodi ya watoto wachanga mahututi isizidi desibeli 45. Kiwango cha kimataifa cha utengenezaji wa inkubeta, kwa upande wake, kinaruhusu hadi 60 ndani ya chumba alimolala mtoto mashine ikifanya kazi kawaida. Toa 7 kwenye 60, unabaki na 53. Vifuniko vimesaidia, na bado umevuka mpaka. Tena sponji nyepesi huzuia vizuri sauti nyembamba kuliko sauti nene, na mngurumo wa mota ya inkubeta ni sauti nene. Ukiwa na inkubeta kuukuu inayonguruma, fundi wa vifaa tiba atakufaa kuliko pakiti nzima ya MiniMuffs.

Faida yake kubwa iko kwenye sauti kali za ghafla: kengele za monita, kibati kinachoanguka, kidirisha cha inkubeta kinachobamizwa (hicho huweza kupita desibeli 80 kwa aliye ndani). Sauti za aina hiyo ndizo humshtua njiti, mapigo ya moyo yakabadilika na oksijeni ikashuka. Nyingi kati yake ni sauti nyembamba, kwa hiyo hapo sponji inafanya kazi yake.

Kuvivalisha si kazi ngumu, lakini ndipo vinapoharibikia. Futa ngozi kuzunguka sikio kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, uondoe utando mweupe wa kuzaliwa, mafuta na maziwa yaliyochuruzika, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Usitumie spiriti, ngozi ya njiti huungua upesi. Sogeza nywele pembeni. Hakikisha ndewe ya sikio haijajikunja, maana gegedu lake ni laini na likikaa limekunjwa kwa saa kadhaa huacha alama, pengine hata kidonda. Bandika sikio likiwa katikati ya kifuniko, kisha bonyeza ukingo taratibu mzunguko mzima. Ukiacha mwanya hata mdogo sauti itapita humo, na zile desibeli 7 zitabaki kwenye karatasi ya maelezo. Kwa mtoto aliye kwenye CPAP (mashine inayomsukumia hewa puani ili apumue), kofia na mikanda yake ndiyo hasa huinua ukingo. Panga mikanda kwanza, ubandike baadaye. Mkanda usipite juu ya kifuniko, kwani utakandamiza sikio.

Gundi ya hidrojeli ina maji mengi ndani yake. Pakiti ikiachwa wazi hukauka na kukataa kushika. Ndani ya inkubeta iliyowekewa unyevu mwingi hulowa na kuteleza. Kwa hiyo mtoto mdogo kabisa, ambaye ndiye anayehitaji unyevu huo, ndiye vinambandukia mara kwa mara. Huyohuyo ndiye mwenye ngozi nyembamba kuliko wote. Kwa aliyezaliwa kabla ya wiki 28 za mimba, tungesubiri ngozi ikomae kwanza, isipokuwa kuna safari au kipimo kisichoepukika. Kubandua nako kuna utaratibu wake: lowesha ukingo kwa maji ya uvuguvugu, shikilia ngozi kwa kidole, vuta polepole ukilaza kifuniko sambamba na ngozi. Ukivuta kwenda juu kama unabandua plasta ya mtu mzima, utaondoka na ngozi. Kila muda wa kumhudumia mtoto, chungulia nyuma ya sikio kama kuna wekundu, hasa upande alioulalia.

Kwenye MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) ndiko hatari ya kuviamini kupita kiasi. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizo kinataka mgonjwa akingwe masikio kelele ikiweza kupita desibeli 99, na baadhi ya vipimo hufika 110 na zaidi. Toa 7 kwenye 110, zinabaki 103. MiniMuffs peke yake, basi, si kinga ya MRI. Kinachofanyika kwenye vituo vyenye uzoefu ni kuziba kwanza mlango wa tundu la sikio kwa silikoni laini inayofinyangwa, kisha kufunika kwa MiniMuffs, halafu kichwa kikatulizwa kwa mito inayobana pande zote. Hata hapo usijumlishe namba za kila kifaa. Kinga mbili zikiwekwa pamoja, makadirio ya kawaida ni desibeli 5 hivi juu ya ile iliyo bora. Silikoni isisukumwe ndani. Na vizibo vya sponji vya watu wazima visikatwe vipande kumwingizia mtoto, kwani tundu lake ni jembamba mno na kipande kinaweza kubaki humo.

Safarini, iwe ndege au gari la wagonjwa, tunavipendekeza bila kusita. Muda ni mfupi, ngozi haikai na gundi siku nzima, na kelele ni kubwa kiasi kwamba kila desibeli ina thamani. Ila mtikisiko hupita kwenye godoro hadi mwilini, na kifuniko hakiuzuii. Kwa huo, tafuta godoro la jeli.

Vipo pia vifuniko vya kikombe kigumu chenye mkanda laini, kama Em's 4 Bubs vya Australia. Vinakinga zaidi na vinatumika tena, kwa hiyo kwa mtoto mkubwa kidogo mwenye shingo imara vinashinda. Kwa njiti ni vizito, mkanda hubana fuvu ambalo bado laini, na ndani ya inkubeta havina pa kukaa. Pamba ya kawaida tusiizungumzie. Huzuia kidogo sana na nyuzi hubaki sikioni.

Wodi yenye fedha kidogo ianze na yasiyo na gharama. Funga vidirisha kwa mikono miwili huku umebonyeza kishikizo. Usiweke chupa wala faili juu ya inkubeta. Mwaga maji yanayobwatabwata kwenye mipira ya CPAP, na sogeza mashine ya oksijeni mbali na kichwa kadiri mpira unavyoruhusu. Kupunguza kelele kuna uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako gentamicin ni dawa ya kila siku ya maambukizi ya watoto wachanga. Dawa za kundi hilo huweza kuumiza chembe za kusikia, na majaribio kwa wanyama yameonyesha madhara huongezeka dawa ikikutana na kelele kubwa.

Usimvalishe saa 24. Njiti anahitaji sauti ya mama, na wakati wa kangaruu (mtoto akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi) masikio yawe wazi. Vifuniko hivi ni vya mtoto mmoja na havioshwi, kwa hiyo wakati wa kuagiza piga hesabu ya jozi kadhaa kwa kila mtoto. Soma pia jina kwenye pakiti: Natus inauza EarCouplers, ambavyo navyo hubandikwa sikioni lakini vina njia ya kupitisha sauti ya kipimo cha kusikia. Vile ni vya kupimia, hivi ni vya kukingia, na siku ya kipimo MiniMuffs zibanduliwe mapema ili ngozi ikauke kabla vile vingine havijabandikwa.