Uzoefu wangu na vitabu vya kale vya topolojia, jiometri na milinganyo ya diferensheli

Vitabu hivi nimevitumia kwa kazi, na malalamiko mengi ninayoyasikia kuvihusu hayana uhusiano na ugumu wa hisabati yenyewe. Mtu amenunua toleo lisilomfaa, au anasoma vitabu viwili sambamba bila kujua kwamba neno lile lile lina fasili mbili.

Nianze na kitabu cha Munkres cha topolojia (elimu ya sifa za maumbo zisizobadilika yakinyooshwa bila kukatwa), kwa kuwa ndicho kinachotajwa kuliko vyote. Kilitoka mwaka 1975 kwa jina Topology: A First Course, toleo la pili la mwaka 2000 linaitwa Topology tu. Chukua la pili. Sura ya 1 hadi ya 8 ni topolojia ya jumla, ya 9 hadi ya 14 ni topolojia ya aljebra, na sehemu hiyo ya pili imepanuliwa sana. Tatizo lake la kwanza ni sura ya kwanza: vifungu 11 vya nadharia ya seti kabla hujakutana na nafasi ya kitopolojia hata moja, kwani topolojia yenyewe inaanza kifungu cha 12. Wengi huishia hapo. Mimi namshauri anayeanza asome kifungu cha 1 hadi cha 7 kwa haraka, aruke kwenda cha 12, arudi cha 10 atakapokutana na seti S_Ω (seti isiyohesabika iliyopangwa vizuri), na cha 11, chenye kanuni ya Zorn, kisubiri hadi theoremu ya Tychonoff kwenye kifungu cha 37, maana hapo ndipo kanuni hiyo inapotumika kweli. Mazoezi hayana majibu nyuma ya kitabu. Ukisoma peke yako, utahitaji mtu wa kukukagulia uthibitisho wako.

Sasa zile fasili. Kwa Munkres, ujirani wa nukta ni seti wazi iliyo na nukta hiyo. Kwa Kelley, General Topology ya mwaka 1955, ujirani ni seti yoyote inayobeba ndani yake seti wazi yenye nukta hiyo, kwa hiyo ujirani unaweza hata kuwa seti funge. Uthibitisho unaosema “chukua ujirani U, basi U ni wazi” ni sahihi kwa mmoja na ni kosa kwa mwingine. Balaa zaidi iko kwenye neno “regular”, yaani nafasi ambayo nukta na seti funge isiyo nayo hutenganishwa na seti wazi mbili zisizokutana. Munkres anadai kwanza kwamba kila seti ya nukta moja ni funge. Kelley hadai hivyo. Akiongeza sharti hilo ndipo anaiita T3. Steen na Seebach, katika Counterexamples in Topology, wamegeuza kabisa: T3 yao haina sharti la nukta, na “regular” yao ni T3 pamoja na T0 (kati ya nukta mbili zozote, mojawapo ina seti wazi isiyobeba nyingine). Kabla ya kunakili theoremu kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, fungua faharasa usome fasili. Dakika mbili hizo huokoa jioni nzima.

Hata hivyo hicho cha Steen na Seebach nakisifu bila kusita. Kina mifano pinzani 143 na majedwali mwishoni yanayoonyesha kila nafasi ina sifa zipi. Si cha kusoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Weka kando ya Munkres, na kila unapodhani sifa A inaleta sifa B, tafuta kwenye jedwali mstari wenye A usio na B.

Kelley nampendekeza kwa anayejua tayari. Mambo mazito ameyaficha kwenye mazoezi, na anayeyaruka anakuwa amesoma nusu ya kitabu.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni chembamba: Topology from the Differentiable Viewpoint cha Milnor, kilichotolewa mwaka 1965 kutokana na mihadhara ya Chuo Kikuu cha Virginia ya Desemba 1963. Ni kurasa zisizofika sabini, na wembamba huo unadanganya. Sentensi moja ya Milnor ni nusu ukurasa wa daftari lako. Mfano mzuri uko mwanzoni kabisa, pale anapothibitisha kwamba kila polinomia isiyo ya thabiti ina mzizi. Anaigeuza polinomia kuwa funksheni laini kutoka tufe kwenda tufe. Nukta ambazo kinyambuo ni sifuri ni chache, idadi yake ina mwisho, hivyo thamani mbaya, yaani zile zinazotoka kwenye nukta hizo, ni chache, na tufe lililotobolewa nukta chache bado ni kipande kimoja. Idadi ya nukta zinazofika kwenye thamani nzuri haibadiliki ukisogea kidogo. Kwa kuwa eneo ni kipande kimoja, idadi hiyo ni ile ile kila mahali, na haiwezi kuwa sifuri. Basi kila thamani inafikiwa, sifuri ikiwemo. Wasomaji hukwama kwenye “haibadiliki ukisogea kidogo”, maana Milnor anaipitia haraka. Andika mwenyewe hatua tatu: theoremu ya funksheni kinyume (palipo na kinyambuo kisicho sifuri, funksheni hugeuzika karibu na hapo) inakupa kipande kidogo kuzunguka kila nukta, ukompakti wa tufe (kila mfuatano wa nukta una sehemu inayokaribia nukta ya tufe) unakuhakikishia idadi ya nukta hizo ina mwisho, kisha toa picha ya sehemu iliyobaki ya tufe, ambayo ni seti funge, ndipo upate ujirani mmoja unaofaa wote. Bila hatua ya tatu uthibitisho una tundu. Anayeona Milnor anakimbia mno aanze na Guillemin na Pollack wa mwaka 1974, wanaokaa ndani ya nafasi ya Euklidi na kueleza kwa utulivu, ingawa nao wanaacha kazi nyingi kwenye mazoezi.

Kwenye jiometri, do Carmo: Differential Geometry of Curves and Surfaces, 1976. Usichukue chapa za mwanzo. Zina makosa mengi ya uchapaji, hata ndani ya mazoezi, na anayeanza hawezi kujua kama kosa ni lake au la kitabu. Toleo la Dover la mwaka 2016 limerekebishwa. Pia ujue alama zake. Do Carmo anaandika kinyambuo cha vekta ya binomali kuwa msokoto (kiasi mstari unavyojitoa kwenye bapa) mara vekta ya nomali; vitabu vingi vingine vinatanguliza alama ya kutoa. Chukua mstari wa hesi (3cos θ, 3sin θ, 4θ). Kiwango cha kupinda ni 3/25 kwa wote, lakini msokoto ni 4/25 kwa vitabu hivyo vingine na −4/25 kwa do Carmo. Ukilinganisha jibu lako na la kitabu kingine utafuta hesabu iliyo sawa. Mahali pagumu ni kifungu cha 2-3, kubadilisha vigezo vya uso. Kama theoremu ya funksheni kinyume haijakukaa, simama hapo uirudie. Sura ya 5 si ya kufuata kwa mpangilio, chagua unachotaka.

Euclid wa Heath, yaani jiometri ya kale ya Euclid iliyotafsiriwa na kufafanuliwa na Heath, majuzuu matatu, ni mzuri kwa maelezo yake marefu kuliko kwa kujifunzia. Kauli ya kwanza kabisa inachora maduara mawili na kudhani yanakutana, jambo ambalo hakuna aksiomu iliyolisema. Hilbert ndiye aliyeziba mianya ya namna hiyo mwaka 1899.

Upande wa milinganyo ya diferensheli, kwanza jiulize unataka kutatua au kuelewa. Kwa kutatua, Tenenbaum na Pollard wa mwaka 1963: kurasa takriban 800, mazoezi mengi, na majibu yapo. Kinachosha ukikisoma mfululizo, ila mbinu zote ziko ndani. Kwa kuelewa, Arnold, mwanahisabati wa Kirusi. Anaanza na nafasi ya hali (seti ya hali zote ambazo mfumo unaweza kuwa nazo) badala ya fomula, na mfano wake wa barabara mbili unatosha kumuuza. Barabara mbili zisizokatana zinaunganisha miji miwili. Magari mawili yaliyofungwa kamba fupi kuliko 2l yanaweza kusafiri, kila moja na barabara yake, bila kamba kukatika. Je, mabehewa mawili ya duara yenye nusu kipenyo l yanaweza kupishana, moja likienda na jingine likirudi? Weka mahali pa la kwanza kwenye mhimili mmoja na pa la pili kwenye mwingine. Safari ya magari ni mstari kutoka kona moja ya mraba hadi kona ya mkabala. Ya mabehewa inaunganisha kona mbili zilizobaki. Mistari hiyo lazima ikatane, na hapo ndipo mabehewa yanapogongana. Kuna tafsiri ya Silverman ya mwaka 1973, na ya Cooke ya mwaka 1992 iliyofuata toleo la tatu la Kirusi. Namba za vifungu zinatofautiana, kwa hiyo mnaosoma kwa kikundi mkubaliane kwanza.

Coddington na Levinson wa mwaka 1955 ni wa uthibitisho mkali. Kabla ya kumfungua, hakikisha unaweza kueleza kwa nini x′ = x^(2/3) ukianzia sifuri ina jibu x = 0 na pia x = t³/27.

Kuhusu kitabu chenyewe kama kitu: chapa nyingi za sasa ni picha za kurasa za zamani, zimefungwa kwa gundi. Kitabu cha kurasa 800 cha gundi hakilali wazi mezani huku ukiandika. Kilichoshonwa kwa uzi kinalala. Matoleo ya kielektroniki yanayojipanga upya kulingana na kioo cha simu nimeyaacha, maana michoro inahama kutoka kwenye maelezo yake na vipeo vinashuka mstari. PDF ni salama zaidi, lakini kagua ukurasa wenye milinganyo kabla ya kulipa. Kwenye picha hafifu, ile nukta ndogo juu ya x, inayomaanisha kinyambuo kwa muda, ndiyo hutangulia kupotea, na ẋ = v(x) inabaki x = v(x).