Sanduku la uchimbaji kwa darasa la tatu: nimelipenda, ila jino la dinosaria nimelitoa

Nimelitumia sanduku hili, la kuwafundisha watoto kuchimbua mabaki ya watu wa kale, wiki tatu na watoto 32 wa miaka minane na tisa. Nimelipenda, na nitalitumia tena muhula ujao, ila kuna kitu kimoja nimekitoa humo na hakitarudi.

Ukilifungua unakuta beseni pana, mifuko mitatu ya mchanga wa rangi tofauti, kamba na vijiti vya kugawia miraba, miko midogo, brashi, chekeche, na vitu vya kuzika: shoka la mkono la kuigiza (jiwe lililochongwa, lisilo na mpini), chungu kilichovunjika vipande 11, mfupa wenye alama za kukatwa, shanga, vipande vya mkaa. Anayezika ni mwalimu, kwa kufuata mchoro. Zana za mawe zinalala kwenye mchanga mwekundu wa chini kabisa, mfupa, mkaa na shanga vinakaa katikati, chungu juu. Cha chini ndicho cha zamani zaidi. Watoto walilielewa hilo ndani ya dakika tano.

Kilichoniteka hasa ni kadi. Vifaa vingi vya aina hii ni bonge la plasta tu: mtoto anagonga, kitu kinatoka, mchezo umekwisha. Hapa kila kitu kinachopatikana lazima kiandikiwe kadi yake: mraba gani, mchanga wa rangi gani, kina cha sentimita ngapi, kilikuwa jirani na nini. Siku ya kwanza hakuna aliyezijali. Binti mmoja alichomoa kigae, akakiinua juu na kunikimbilia. Nikamuuliza, "Kilikuwa wapi?" Akageuka kutazama, kumbe shimo lilishajifukia. Akabaki amekishika mkononi, kimya.

Siku ya pili binti huyohuyo alilala kifudifudi kando ya beseni, akawa anapangusa mchanga taratibu kuuzunguka mfupa. Alipoona kipande cha mkaa kimelala ubavuni mwake alinyoosha mkono kuwazuia wenzake: "Msiguse! Viko pamoja!" Kisha akapitisha ukucha juu ya mikato ya mfupa, mmoja baada ya mwingine. "Mwalimu, hawa walikata nyama, wakachoma." Sikuwa nimemwambia lolote. Watu wa kale wale hawakuacha hata neno moja la maandishi, na mengi tunayoyajua juu yao yametokana na ujirani wa namna hiyo, mkaa kando ya mfupa. Mtoto wa miaka minane alikuwa amekwisha kulifikia hilo kwa brashi yake.

Sasa lawama yangu. Ndani ya mfuko wa vitu vya kuzika kuna jino la dinosaria, na mchoro unaelekeza lizikwe tabaka moja na shoka la mkono. Hilo limeniudhi kweli. Watoto wengi wanakuja darasani tayari wanaamini kwamba watu waliwinda dinosaria, na kifaa cha kufundishia hakina ruhusa ya kuwathibitishia uongo. Niliwapeleka uwanjani, tukakubaliana hatua moja ni miaka milioni moja, ukuta wa darasa ndio leo. Hatua tatu na kidogo tukafika kwenye zana za mawe za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana, zenye miaka milioni 3.3. Tukaendelea. Ilipofika hatua ya 40 kelele zilikuwa zimekwisha. Ya 66 ndipo tulipowakuta dinosaria wa mwisho, na kila mmoja aligeuka kuutafuta ukuta. Maandishi yana miaka 5,000 na ushei, yaani kwa hatua zetu ni kama nusu sentimita kutoka ukutani, hata unene wa penseli haufiki.

Kitabu cha mwongozo ni cha kawaida. Kurasa za kupima umri wa mkaa ni ngumu mno kwa rika hili, ziruke. Lakini usiuruke ukurasa wa pango la Altamira, Hispania. Mwaka 1879 baba alikuwa anachunguza sakafu ya pango, na binti yake Maria, mwenye miaka minane, ndiye aliyetazama juu akaona wanyama waliochorwa darini. Kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wakubwa walikataa kwamba michoro hiyo ni ya watu wa kale. Darasa langu liliwakasirikia wataalamu hao kama vile jambo limetokea jana.

Jambo la mwisho ni mchanga. Ukishachimbwa umechanganyika, na matabaka hayarudi. Mimi nililazimika kutafuta mchanga mwingine wa rangi kwa kundi la pili. Watengenezaji wangeweka mifuko ya akiba, au angalau wangetuonya. Brashi nazo zinanyonyoka manyoya, na manyoya yakiingia kwenye chekeche watoto hudhani ni ugunduzi. Kwa beseni moja, watoto wanane kwa zamu wanatosha: wanne wanachimba, wawili wanachekecha, wawili wanaandika kadi. Na hao wa kadi, wape nafasi ya kwanza kuchagua kiti.